Mashine Namba Tatu Haimo Kwenye Riwaya

Bwenini, 4 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila roho iko juu juu tangu Ijumaa, ndiyo maana nakuandikia hata soksi sijafua.

Umesikia wapi mtu anapewa riwaya ya kurasa mia mbili na kumi na mbili aisome kwa wiki mbili, na huku hesabu zinamsubiri na historia inamsubiri? Mwalimu wa Fasihi katuletea ile ya zamani, ya ghala lililoungua. Ile ile uliyokuwa ukiisoma jikoni ulipokuwa kidato cha tatu, mpaka sufuria likaungua na mama akakutoa mbio na mwiko. Nimeifungua mara nne. Mara zote nne nimelala ukurasa wa kumi na moja.

Swali lake ni hili: "Hakimu ni mhusika bapa au mhusika duara? Jadili kwa mifano." Bapa ni yule asiyebadilika tangu mwanzo hadi mwisho, duara ni mwenye pande nyingi kama watu wa kweli. Hayo nayajua. Nisiyemjua ni huyo hakimu mwenyewe.

Wewe kitabu hiki unacho kichwani. Niandikie kurasa tatu tu. Tatu, dada! Nitanakili kwa mkono wangu. Kumbuka nikianguka fasihi, kozi ya sheria nimeiaga, na wewe ndiye uliyemwambia mama kwamba mwanawe atakuwa wakili.

Simu hapa bado ni marufuku, kwa hiyo jibu kwa posta na usikawie. Wauguzi wenzako wasalimie.

Mdogo wako,
Profesa (jina ulilonipa kwa kejeli, nami nimelipokea)


Hospitali, 11 Machi

Profesa wa usingizi,

Marahaba. Nilipoona bahasha nikasema, leo mdogo wangu kanikumbuka. Kumbe natumwa! Huna hata haya ya kuniuliza nimekula nini.

Sikiliza, maana hata kunakili kunataka mtu ajue ananakili nini. Kuna ndugu wawili waliofiwa na baba yao. Kaka, bado kijana, anasahau taa inawaka ndani ya ghala la mji, na chakula cha mwaka mzima kinateketea. Dada yake anasimama mbele ya watu anasema, ni mimi. Wanamfukuza mjini. Kaka anasomeshwa, anakuwa hakimu. Miaka ishirini baadaye dada analetwa mahakamani kutoa ushahidi katika kesi ya mtu mwingine, na hakimu anamtazama usoni anamwuliza, "Wewe mama, unatoka wapi?" kana kwamba hamjui. Siku ile jikoni nililia, na mama alidhani ni moshi.

Kurasa zako tatu nimeziambatisha. Nimesema hakimu ni duara, kwa sababu mkono wake unatetemeka anapoandika hukumu. Watu wanausahau ule mkono. Ule mwongozo wa jalada la njano unaowasaidia ninyi wavivu unadai ni bapa. Usiuamini, uliandikwa na mtu mwenye haraka, na hilo nimelisema wazi ndani ya kazi.

Wodini shughuli ni nyingi. Usiniulize sana habari za kazi, nikitoka huko sitaki hata kuisikia. Mama nilimpigia simu Jumapili, mguu wake umepata nafuu.

Mara hii tu. Umesikia? Mara hii tu.

Dada yako


Bwenini, 20 Machi

Dada! Dada! Dada!

Tisini na mbili! Mwalimu wa Fasihi hajawahi kutoa tisini. Mwaka jana aliyeongoza darasa alipata sabini na moja akaruka ruka kama kashinda gari. Kaisoma kazi yangu (yetu) mbele ya darasa zima. Alipofika pale pa mkono unaotetemeka alivua miwani, akanitazama. Mimi nikatazama dari. Sasa darasa lote linaniita Mkono.

Ila sasa yamenifika shingoni. Kuna kazi mradi. Hii haiishii darasani, inaingia kwenye alama za mtihani wa mwisho na inapelekwa ofisi ya mitihani. Swali: "Je, dada wa hakimu ni shujaa? Jadili dhamira ya kujitoa mhanga." Tarehe ya mwisho ni 12 Aprili. Nikipeleka yangu mwenyewe baada ya tisini na mbili, hata mpishi wa shule atajua kuna jambo. Umenipandisha juu ya paa, dada yangu, sasa usiondoe ngazi.

Najua ulisema mara hii tu. Hii ndiyo mara hii tu yenyewe, ile ya kwanza ilikuwa majaribio.

Nakusubiri kwa hofu,
Profesa


Hospitali, 2 Aprili

Wewe mtoto,

Nilikasirika siku mbili nzima. Siku ya tatu nikajikuta natafuta kalamu.

Hii nimeiandika vipande vipande, kila mapumziko ya mchana, nimekaa kwenye ngazi za nyuma karatasi iko gotini. Sikupata nafasi ya kuirudia. Kwa hiyo ISOME KWANZA ndipo unakili. Macho yako yapite juu ya kila sentensi. Ukiona mahali nimeteleza, rekebisha. Najua utakuwa unasikiliza mpira kwenye redio ya mlinzi, lakini jitahidi, nakuomba.

Na usirudi tena kuniomba. Safari hii nasema kweli, kwa sababu nikiendelea hivi sitaweza kuacha.

Dada yako

[Ukurasa wa tatu wa kazi iliyoambatishwa]

...Wahakiki wengi humsifu dada kwa sababu alikubali kufukuzwa. Lakini kufukuzwa ni jambo la siku moja. Lililo gumu ni siku zilizofuata, na mwandishi anazipitia kwa aya mbili tu. Dada anafika ugenini, anaishi kati ya watu wasiojua kwamba aliwahi kushika kitabu. Anaamka kabla ya wengine. Mikono yake inanuka dawa. Mashine namba tatu imevuja sabuni tena na hakuna anayekuja kuitazama. Anakunja mashuka mia na arobaini, na kwa kila shuka anajiambia, bado mwaka mmoja, bado mwaka mmoja. Watu wa nyumbani wakimwuliza, anajibu kwamba kazi ni nzuri. Hapa ndipo ushujaa wake ulipo. Hivyo basi, dhamira ya kujitoa mhanga inajengwa zaidi na ukimya wa mhusika kuliko matendo yake...


Bwenini, 17 Aprili

Dada,

Nimekwisha.

Mwalimu wa Fasihi kaniita ofisini kwake jana. Kazi yangu iko mezani, kaipigia mstari mwekundu mahali pamoja tu. Mazungumzo yalikuwa hivi, nakuandikia yote ili ujue hali yangu.

"Riwaya hii inaeleza zama ambazo watu walikuwa wanawasha taa za mafuta," akasema. "Mashine namba tatu imetoka wapi?"

Mimi nikatazama karatasi. Mwandiko wangu kabisa! Dada, haki ya Mungu sikuwa nimeiona sentensi ile mpaka dakika hiyo. Nilinakili siku ya fainali, masikio redioni, mkono unaenda wenyewe.

Nikamwambia, "Ni taswira, Mwalimu. Mashine inawakilisha mfumo wa jamii unaomkandamiza mwanamke."

Akatikisa kichwa polepole. "Vizuri. Na namba tatu?"

"Ni... tabaka la tatu, Mwalimu."

"Na kwa nini mfumo wa jamii unavuja sabuni?"

Nikainama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Akaniuliza nyumbani kuna nani anayependa vitabu. Nikasema dada yangu, muuguzi wa hospitali kuu. Akaandika kwenye kidaftari chake.

Tarehe 10 Mei nitasimama mbele ya kamati ya walimu. Wakithibitisha kwamba kazi si yangu, jina langu linaondolewa kwenye orodha ya watahiniwa. Mwaka mzima unakwenda na maji, na sheria ndiyo basi. Nisaidie. Mwandikie umwambie ni yangu. Wewe unajua kupanga maneno.

Na hiyo mashine ni ya nini? Wodini kuna mashine ya sabuni?

Profesa (usinicheke)


Hospitali, 22 Aprili

Mdogo wangu,

Sicheki. Nimeshindwa kula tangu barua yako ifike. Nilikwambia isome! Nilikuandikia kwa herufi kubwa!

Mashine ni ya kuoshea vyombo vya wodi, imekaa karibu na tunapopumzika, ndiyo ikaniingia kalamuni. Basi. Hilo si la kulizungumza.

Fanya hivi. Usiende kwa Mwalimu, usiseme neno, usijitie ujanja mwingine wa tabaka la tatu. Akikuuliza, sema unamsubiri dada. Mimi ndiye niliyeharibu na mimi ndiye nitakayetengeneza. Mambo yako yote nimekuwa nikiyatengeneza tangu ukiwa na kamasi, hili nalo litapita.

Na kula, na lala, na soma hesabu.

Dada yako


Ofisi ya walimu, 24 Aprili

Kwa dada wa mwanafunzi wangu,

Salamu. Nilikuandikia wiki iliyopita kwa anwani ya wauguzi wa hospitali kuu. Bahasha imerudi ikiwa na maneno haya: "Hapa hatuna muuguzi wa maelezo hayo." Nikamwomba mdogo wako bahasha mojawapo ya barua zako. Nyuma ina muhuri wa Idara ya Kufulia Nguo. Kwa hiyo nakuandikia huko, na hapo ndipo nilipoelewa mashuka mia na arobaini yalikotoka.

Sitaki kuzunguka. Kazi hii imeandikwa na mtu anayejua kusoma. Mdogo wako ni kijana mchangamfu, lakini nilipomwuliza ghala liliungua sura ya ngapi, alinijibu "katikati". Naomba unijibu swali moja kabla ya tarehe 10 Mei: nani aliyeandika?

Jibu lako nitaliweka mbele ya kamati. Pima kabla ya kuandika.

Mwalimu wa Fasihi


Chumba cha kufulia, 30 Aprili

Mwalimu,

Shikamoo. Nimepokea barua yako, na kwanza naomba radhi kwa usumbufu wa bahasha iliyorudi. Ni kweli mimi ni dobi. Nyumbani hawajui. Naomba uniwekee siri hiyo, hasa kwa mdogo wangu.

Kuhusu swali lako: kazi ni yake. Mwandiko wake, kama unavyoujua, ni mbaya mno, mtu anaweza kudhani kuku wamepita. Alinitumia rasimu yake nimsafishie, ndipo ainakili tena. Nilikuwa nainakili wakati wa mapumziko, na daftari langu la kazi lilikuwa kando, ninapoandika mashine ipi imeharibika na mashuka ni mangapi. Nikachanganya. Sentensi zile tatu ni zangu, na kosa ni langu peke yangu. Mengine yote, mawazo na hoja, ni ya kwake. Yeye huwa hasemi sana mbele ya walimu kwa sababu ana woga, lakini kichwani yumo.

Kama kuna adhabu, sijui shule inaweza kumwadhibu dobi kwa njia gani, lakini niko tayari.

Wako mtiifu,
Dada wa mwanafunzi


Bwenini, 3 Mei

Dada,

Shikamoo. Sijasubiri jibu la Mwalimu wala lako. Kaa chini usome hii yote kabla ya kukasirika.

Jumatatu Mwalimu alinirudishia bahasha yako aliyoiazima. Nikaigeuza. Nilivyokuwa nazipokea barua zako, nilikuwa nachana upande mmoja, natoa karatasi, bahasha natupia chini ya kitanda. Miaka miwili muhuri uko pale nyuma. Idara ya Kufulia Nguo. Nikaenda nikaisoma kazi yangu upya, ukurasa wa tatu. Niliposoma "anajibu kwamba kazi ni nzuri" nilijifungia bafuni nikalia kama mtoto. Wenzangu walikuwa wanagonga mlango wakidhani naumwa tumbo.

Kumbe hakuna wodi. Wewe unafua mashuka, na mimi nawasalimia wauguzi wenzako.

Basi nikaichukua riwaya. Nimeisoma yote, dada. Siku tatu. Nimekosa mazoezi, nimekosa na mpira. Kurasa mia mbili na kumi na mbili. Na kuna kitu nimekiona ambacho wewe hukukisema, wala mwongozo haukukisema, na nataka nikuandikie kwa maneno yangu hata kama ni mabaya.

Ukurasa wa ishirini na tatu. Watu wamekusanyika, ghala bado linafuka moshi, mzee anauliza nani aliacha taa. Imeandikwa kwamba kaka "alishafungua mdomo". Angalia vizuri. Alishafungua! Alikuwa anataka kusema. Dada akamwahi. Akasema ni mimi, na watu wote wakamgeukia yeye, na kaka akafunga mdomo. Kuanzia pale mpaka mwisho wa kitabu yule mtu hajawahi kusema jambo gumu kwa mdomo wake mwenyewe. Nimehesabu. Hata mahakamani anajifanya hamjui, kwa sababu hajazoea. Hakuna aliyemwacha azoee.

Mwongozo unasema dada alimwokoa. Wewe unasema alimwokoa kwa ukimya. Mimi nasema alimwokoa na akamharibu siku ile ile, kwa neno lile lile. Simchukii. Nampenda. Lakini shujaa wa moja kwa moja sikubali.

Haya niliyaandika kwenye karatasi moja na nusu, yana makosa ya nukta kila mahali. Leo asubuhi nimeyapeleka kwa Mwalimu, na nimemwambia zile kazi mbili ziliandikwa na dada yangu, zote, tangu neno la kwanza. Sikusubiri tarehe 10. Miguu ilikuwa inatetemeka mpaka nikashika meza.

Kwa hiyo usiandike kitu, dada. Kama hujaandika, usiandike.

Mdogo wako
(Leo acha hilo la Profesa)


Chumba cha kufulia, 8 Mei

We mpumbavu!

Nimeshaandika! Tarehe thelathini nimeshapeleka posta! Nimemwambia Mwalimu kazi ni yako, nimejitia mjinga, nimejiita dobi kwa maandishi mbele ya mtu nisiyemjua, nimepanga kila kitu kikakaa sawa, na wewe siku tatu baadaye unaingia ofisini na miguu yako inayotetemeka unanivua nguo! Sasa mimi ni mwongo na wewe huna mtihani. Tumepata nini?

Niliacha shule kidato cha tatu, unajua kwa nini niliacha? Ili ada yako ipatikane, usije ukasimama mahali ukatetemeka!

Na eti nimekuharibu. Umesoma kitabu kimoja maishani mwako, siku tatu, na tayari umenipata mimi ndani yake.

Usiniandikie.

Dada


Ofisi ya walimu, 12 Mei

Kwa dada wa mwanafunzi wangu,

Nina barua mbili mezani. Moja inasema kazi ni ya mdogo, nyingine inasema kazi ni ya dada. Yako imeandikwa vizuri zaidi. Ya kwake ndiyo ya kweli. Kamati ilichukua dakika kumi.

Jina lake limeondolewa kwenye orodha ya mwaka huu. Ataendelea kukaa darasani kwangu na atafanya mtihani mwakani. Nilipomwambia, alisema "Sawa, Mwalimu," kisha akaniuliza kama anaweza kuazima riwaya nyingine. Hakulia. Sikumwambia kwamba umetuma barua ya kumtetea, alilijua mwenyewe kwa barua yako ya tarehe nane, na tangu hapo anatembea kwenye veranda kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Karatasi yake moja na nusu nimeisahihisha. Nimempa hamsini na nne. Hoja ni moja tu, nukta hajui ziwekwe wapi, na mfano wa pili haupo kabisa. Lakini katika miaka kumi na tisa hakuna mwanafunzi aliyewahi kunionyesha kwamba yule kaka alikuwa ameshafungua mdomo. Nimeurudia ukurasa ule. Ni kweli.

Sasa habari yako. Kwenye ile kazi ya kwanza uliandika kwamba mwongozo wa jalada la njano uliandikwa na mtu mwenye haraka. Mwongozo ule niliuandika mimi. Nilikuwa na mtoto mchanga na mchapaji alikuwa ananipigia mlango. Ule mkono unaotetemeka niliuruka. Nimekasirika kidogo, halafu nimekubali.

Ndani ya bahasha hii kuna fomu ya mtahiniwa wa kujitegemea. Mtu yeyote aliyefika kidato cha tatu anaruhusiwa kuandikishwa na kufanya mtihani mwaka ujao, hata kama hayupo shuleni. Mwisho wa kurudisha ni 30 Mei. Sikutumii kwa huruma. Nilimpa mtu tisini na mbili na sijui uso wake, jambo hilo linanisumbua.

Uongo wako sijaupeleka popote. Nimeufunga kwenye droo.

Mwalimu wa Fasihi


Bwenini, 16 Mei

Dada,

Najua ulisema nisikuandikie. Naandika mistari mitatu.

Samahani nimekuumiza. Siyo samahani nimesema. Mama nimemweleza mimi mwenyewe habari ya mtihani, habari ya kufulia sikuigusa, hiyo ni yako.

Mdogo wako


Chumba cha kufulia, 27 Mei

Mdogo wangu,

Umekula? Wanasema unatembea kwenye veranda. Acha kutembea, unamaliza viatu.

Barua yako ya tarehe tatu nimeisoma mara nyingi kuliko nitakavyokwambia. Mara ya kwanza niliikunja nikaitia mfukoni, nikapakia mashine nguo za watu mpaka msimamizi akauliza kama kuna dharura. Nilitaka uwe umekosea. Nikaenda kuiazima riwaya maktaba ya hospitali, nikafungua ukurasa wa ishirini na tatu nikiwa bado na aproni. Alishafungua mdomo. Nimekisoma kitabu hiki mara tano, na mara zote tano niliruka maneno yale mawili, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kufika pale dada anaposema ni mimi. Napenda sana anaposema ni mimi.

Nimekudanganya mambo mawili. La kwanza umeliona nyuma ya bahasha. Nilipofika hapa niliomba uuguzi, wakauliza cheti, sikuwa nacho, wakanionyesha mlango wa pili. Mama alikuwa ameshawatangazia watu mtaa mzima. Nikanyamaza, mwaka ukapita, nikashindwa kurudi nyuma.

La pili hulijui. Sikukuandikia zile kazi kwa kukuhurumia. Nilitaka. Barua yako ya Machi ilipofika, ile ya bapa na duara, nilikuwa na furaha mpaka nikaona aibu. Nilijua jibu kabla sijamaliza kusoma swali! Siku nzima nilikuwa naongea peke yangu, wenzangu wakanitania kwamba nimepata mchumba. Na uliposema tisini na mbili, sikusema mdogo wangu kapata. Nilisema nimepata. Nilimwambia mama mmoja tunayekunja naye mashuka, "Nimepata tisini na mbili," na yeye akanipongeza bila kujua ni za nini. Nilikuwa nimekalia dawati lako, mdogo wangu, na wewe nikakuacha umesimama, halafu nikawa nakulaumu kwamba husomi.

Kwa hiyo hamsini na nne yako ni kubwa kuliko tisini na mbili yangu. Inaniuma kuliandika hili, ujue, maana nukta zako kweli ni aibu.

Mwaka wako umepotea na mimi nina sehemu yangu ndani yake. Sitakwambia si kitu. Jumapili nilimpigia mama nikamweleza habari ya kufulia. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama sabuni yao inatoa madoa ya mafuta.

Fomu nimeijaza jana na leo asubuhi nimeipeleka posta. Mwakani tutafanya mtihani mmoja, wewe huko na mimi huku, na Mwalimu atasahihisha majaribio ya wote wawili. Ameniambia hatanionea huruma, na nimefurahi. Kwa hiyo kuanzia sasa, ukipata maswali, nitumie. Majibu kaa nayo.

Dada yako